Mashine Iliyotekwa Msibani

Ujumbe ulinifikia Jumanne asubuhi, nikiwa nimemaliza kuswali na bado sijakunja mswala. Ulitoka kwa Faith, msimamizi wetu wa mauzo, binti wa Mbeya mwenye adabu, ambaye huanza na shikamoo hata akiwa anaandika kwenye simu. Safari hii hakuanza na shikamoo. Aliandika kwamba mashine yangu ya maonyesho, yenye namba inayoishia na mia nne kumi na mbili, imeonekana Kanda ya Nne. Nijaze fomu aliyoiambatanisha na niirudishe kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo uwakala wangu utafungwa.

Nilisoma mara tatu. Mashine ilikuwa Likunja, wilaya ya Ruangwa, na mimi nilijua iko Likunja. Kijijini kwetu Chiola wote walijua. Nilichokuwa sijui ni kwamba hata Ulaya wangejua.

Nianze na kanda, maana bila kanda habari hii haieleweki. Kampuni ninayoiuzia mashine za kupulizia mikorosho ina makao makuu Ulaya, mahali penye theluji. Jina lake ni refu na hakuna aliyelimudu, hivyo huku tunaiita Kampuni ya Vifuniko. Imeigawa dunia yote vipande kumi na kimoja. Kila kipande kinaitwa kanda, na kila kanda ina rangi yake ya kifuniko cha tangi. Mashine ni ile ile, injini ile ile, mpira ule ule mrefu wa kufikia matawi ya juu. Kifuniko ndicho kinachosema mashine hii ni ya watu gani. Sisi wa Nachingwea tuko Kanda ya Saba, kifuniko cha buluu, pamoja na Masasi, Malawi, Zambia, Lesotho, Afrika Kusini na Nyuzilandi, ambayo hakuna aliyeweza kunieleza iliingiaje. Wenzetu wa Ruangwa wako Kanda ya Nne, kifuniko cha njano, pamoja na Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na visiwa vya Ushelisheli. Mashine ya buluu hairuhusiwi kuvuka kwenda kwa njano, wala ya njano kuja kwa buluu.

Mwalimu Rukaiya, anayetufundisha watu wazima jioni pale shule ya msingi, alinionyesha jambo hili kwenye ramani ya ukutani. Alilaza rula kutoka Ziwa Nyasa hadi baharini, nayo ikapita katikati ya Nachingwea na Ruangwa kama kisu kwenye muhogo. Darasa zima lilisogea kuangalia. Mmoja wetu aliuliza kama hao waliopiga mstari walifika huku. Mwalimu akasema hakukuwa na haja ya kufika, rula ilitosha.

Rula hiyo ilipita juu ya shamba la Mikidadi, lililo kando ya barabara ya kwenda Ruangwa. Mikidadi ana mikorosho mia moja na ishirini. Sabini iko kwetu, na hamsini iko Kanda ya Nne. Kwa kufuata masharti, mashine aliyonunua kwangu inapaswa kuzimwa ikifika mkorosho wa sabini. Huwaambia wageni kwamba yeye huenda nchi za nje na kurudi kabla ya chai ya asubuhi.

Nilicheka kama wengine, lakini sitaficha kwamba niliipenda Kanda ya Saba. Kila mwezi ilinitumia taarifa. Niliambiwa nijihadhari na baridi kali ya mwezi wa saba milimani Lesotho. Nilipewa ushauri wa namna ya kupulizia mizabibu. Mara moja nilitumiwa pole kwa sababu ya mafuriko yaliyoharibu matufaha ya Nyuzilandi, nami sikujua nijibu nini, nikajibu amina. Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya swala, niliwaombea dua watu wote wa Kanda ya Saba, pamoja na matufaha yao. Niliona kama Mungu amenipa majirani wengi kwa mkupuo mmoja, na jirani anaombewa hata kama hujamwona.

Na uwakala wenyewe sikuupata kwa wepesi. Kabla yake nililima mashamba ya watu kwa miaka kumi na sita. Kwa ajili ya uwakala ndipo nikaanza darasa la jioni, kwa sababu taarifa za mauzo haziandikwi kwa kidole gumba. Kibao kilichopigiliwa mbele ya nyumba yangu kinasema "Mwamini, Wakala Aliyeidhinishwa", na herufi zake nilizisoma mwenyewe siku kilipopandishwa, mbele ya watu. Kikishuka kile kibao, ninarudi kwenye mashamba ya watu.

Sasa, mashine ilifikaje Likunja?

Mjomba wangu Isihaka alifariki mwishoni mwa mwezi wa tano. Alikuwa amekula chumvi nyingi na wajukuu zake walikuwa na wajukuu, kwa hiyo tulimlilia kwa kiasi. Msiba ulikuwa nyumbani kwangu, kwa kuwa nina uwanja mpana. Siku ya pili alifika Halfani kutoka Ruangwa na mkewe Safina. Halfani ni wakala kama mimi, ila wa kifuniko cha njano. Yeye ni Mmwera na mimi ni Myao, na makabila yetu yanataniana tangu enzi za mababu waliopigana mpaka wakachoka. Kwa hiyo hakuingia msibani kwa unyenyekevu. Aliingia akiuliza kwa sauti kama maiti imekufa kweli au inakwepa kulipa deni la jogoo wa mwaka jana.

Tulianza kucheka wakati huo huo. Akaiga namna marehemu alivyokuwa akikalia kopo la ugoro kila akimwona mgeni. Mjane wake, ambaye alikuwa hajala tangu jana yake, alicheka mpaka akaomba uji. Kisha Halfani akaiona mashine yangu ya maonyesho pale barazani, na kifuniko chake cha buluu. Akaijaza maji safi ya kisimani, akaibeba mgongoni, akawasha injini na kuanza kuwapulizia waombolezaji usoni. Alisema Wayao wana macho makavu, na yeye kama jirani mwema amekuja kuwaongezea machozi.

Alipozima injini, alitangaza kwamba mashine ni mateka. Anakwenda nayo kwao, na hairudi mpaka akombolewe kwa jogoo. Tena si jogoo yeyote. Alimtaka jogoo wangu mwekundu.

Hapo ndipo tulipokwama. Jogoo yule ndiye anayeniamsha kwa swala ya alfajiri. Huwika mapema kuliko adhana, hajawahi kukosea, na mimi ni mtu wa usingizi mzito. Nilitoa kuku wawili badala yake. Halfani akasema kwamba kuku wawili wa Kiyao hawafikii nusu ya jogoo. Mashine ikaondoka kwenye pikipiki, Safina akiwa ameikumbatia kama mtoto, na kila mtu msibani akaona ni sawa. Mtani akichukua msibani hajaiba, na mwenye mali akikasirika ndiye mwenye kosa.

Halfani aliizungusha Ruangwa akiwaonyesha watu mateka wake kutoka Nachingwea. Hayo nayo yalikuwa sawa. Kisha akamwazima Masoudi wa Likunja, ambaye mashine yake ilikuwa imekatika mpira. Masoudi ni mtu anayetii maandishi. Akikuta ukuta umeandikwa "usikojoe hapa", hata kupita hapo hapiti. Ubavuni mwa mashine kuna karatasi iliyosema: "Mpendwa mteja, sajili kifaa chako leo." Masoudi alikaa chini ya mkorosho wake, akaandika namba yote kwenye simu, akajaza jina la kijiji, akatuma. Alipata ujumbe wa kumkaribisha katika familia. Na huko Ulaya, nadhani, taa nyekundu ikawaka.

Nirudi kwenye fomu. Iliitwa Fomu ya Uvukaji wa Mpaka wa Mauzo, na iliuliza kifaa kilivukaje. Kulikuwa na visanduku vinne vya kuweka alama ya vema: kimeuzwa, kimetolewa zawadi, kimeibwa, kimepotea. Maelezo yalikuwa chini. Kikiwa kimeuzwa nje ya kanda, uwakala unafungwa. Kikiwa kimetolewa zawadi, uwakala unafungwa pia, kwa sababu mashine ya maonyesho ni mali ya kampuni. Kikiwa kimeibwa, wakala hana kosa, ila aandike jina la anayeshukiwa na namba ya kesi ya polisi. Kikiwa kimepotea, wakala aape kwamba hajui kilipo.

Nilikaa na fomu ile kutwa nzima. Sikuuza. Sikutoa zawadi. Haikuibwa. Haikupotea, maana nilijua hata mti wa Masoudi inapoegemezwa. Niliswali rakaa mbili nikimwomba Mungu anionyeshe kisanduku. Baada ya dua nilifungua fomu tena, visanduku vilikuwa vinne vile vile.

Nikampigia Halfani. Kwanza alifurahi, akadhani jogoo amepatikana. Aliuliza kama ameshafungwa miguu au bado. Nilipomsomea fomu, aliniomba nirudie visanduku vyote vinne.

"Weka vema kwenye kimeibwa," alisema mwishoni.

"Wanataka jina na polisi."

"Andika Halfani. Mimi nitajieleza. Nimezoea kuwadanganya Wayao, sitashindwa na polisi."

"Hukuiba, mtani."

"Najua sikuiba. Lakini wewe una kibao."

Nilimwambia sitaandika uongo juu ya mtu kisha nikasimama mbele ya Mungu siku ya Ijumaa. Alijibu kwamba Mungu anawajua Wayao, hatashangaa. Lakini sauti yake haikuwa na utani ndani yake, na nilipokata simu nililia kidogo, bila msaada wa mashine.

Jumatano nilijaza fomu kwa namna yangu. Visanduku vyote niliviacha wazi. Pembeni, kwa mwandiko niliojifunza kwa Mwalimu Rukaiya, niliandika: "Mashine ilikuwepo msibani. Mtani wangu aliichukua mateka. Nisipotoa jogoo hairudi." Nikapiga picha, nikatuma.

Faith alinipigia baada ya dakika kumi. Alianza na shikamoo, nami nikajua bado ananipenda. Alieleza kwamba mfumo wa kompyuta hausomi pembeni, unasoma visanduku tu. Alisema pia kwamba yeye mwenyewe ameelewa, kwao Mbeya watani wapo, lakini hawezi kuuelewesha mfumo. Angekuja mwenyewe Alhamisi kuiona mashine kwa macho. Tatizo ni kwamba mashine ilikuwa Kanda ya Nne, naye haruhusiwi kuingia Kanda ya Nne kikazi bila kibali cha Nairobi, na kibali huchukua wiki tatu. Angemwomba mwenzake wa upande ule aisogeze hadi mpakani.

Ndivyo ilivyotokea kwamba Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya mwisho, dunia ilikutana kwenye shamba la Mikidadi.

Mikidadi alikuwa amejiandaa. Aliweka benchi moja kila upande wa mstari, na katikati akaweka jiko lenye birika. Faith na mimi tulikaa benchi la Kanda ya Saba. Upande wa pili walikaa Halfani na mashine yangu, pamoja na msimamizi wao, Eustakio. Huyu Eustakio, Mungu ampe subira, ni mzaliwa wa Mnero, ndani kabisa ya Nachingwea, lakini kampuni ilimpa kazi Kanda ya Nne. Kila anapokuja kumsalimia mama yake, huliacha gari la kampuni kwa Mikidadi, kisha anapanda pikipiki, kwa sababu gari la njano haliruhusiwi kufika kwao. Mama yake hajawahi kuliona. Anadhani mwanawe anadanganya kuhusu gari.

Faith na Eustakio walikuwa wafanyakazi wa kampuni moja kwa miaka minne, na hawakuwa wamewahi kuonana. Walishikana mikono juu ya birika.

"Kwa hiyo wewe ndiye Kanda ya Nne," Faith alisema.

"Na ninyi ndio mnaotushinda kwa vifuniko," akajibu Eustakio. "Buluu haionyeshi uchafu."

Mikidadi alimimina chai akiwa Kanda ya Nne na kuwapa watu wa Kanda ya Saba, akatangaza kwamba huo ni uvukaji wa mpaka na anaomba fomu. Halfani hakucheka. Alikuwa amekaa na mashine katikati ya magoti, ameisafisha mpaka inang'aa, na alikuwa amevaa kanzu yake ya sikukuu kama mtu anayekwenda mahakamani.

Faith alikagua namba. Ilikuwa yenyewe. Eustakio akasema, kwa upande wake, kwamba yeye ni mtu wa Mnero na anajua utani wa msibani ni nini. Kwao mtani aliwahi kuondoka na mlango wa nyumba. Lakini mfumo wake nao una visanduku vinne. Walikaa wanatazama simu zao, wasimamizi wawili wa kanda mbili za dunia, na jogoo wangu mwekundu akawika ndani ya kapu miguuni pangu.

Nilikuwa nimemleta. Nilikuwa nimeamua hivyo usiku uliopita, baada ya swala. Mashine irudi kwanza, mengine Mungu atapanga. Halfani alipomsikia aliinua kichwa, kisha akakiinamisha.

"Sikumtaka kwa namna hii," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Ndipo Faith alipopata wazo. Alisimama, akatazama mikorosho upande huu na upande ule, akasema tatizo si mashine, tatizo ni mstari. Watu wanaozikana hawawezi kuwekwa kanda mbili. Angependekeza makao makuu kwamba mstari usogezwe, Nachingwea na Ruangwa ziwe kanda moja. Mashine ingekuwa haijavuka chochote, kesi ingekufa, na mimi ningebaki na uwakala wangu. Eustakio aliruka kutoka kwenye benchi. Alisema ataliunga mkono kwa barua, kwa simu na kwa maombi, na kwamba Jumapili hiyo hiyo angepeleka gari kwa mama yake.

Nami nilisema alhamdulillahi. Tulikuwa tumeanza kupeana mikono pale Halfani alipouliza swali. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia.

"Ndani ya kanda moja, wilaya mbili jirani zenye wakulima wachache kama sisi, mnaweka mawakala wangapi?"

Faith aliurudisha mkono wake. Eustakio akakaa taratibu.

"Mmoja," alisema Faith.

Birika lilichemka na hakuna aliyeligusa. Nilimtazama Halfani na yeye akanitazama. Yeye naye ana kibao mbele ya nyumba. Safina alikipaka rangi kwa mkono wake. Kwa miezi yote ile niliucheka ule mstari, nilimcheka aliyeupiga na rula yake, na kumbe ndio uliokuwa umetushikia vibao viwili mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angeweka kimoja.

"Mwanangu," nilimwambia Faith, "mstari huu uacheni. Umekaa vizuri sana."

"Umenyooka," alisema Halfani. "Mimi sijawahi kuona mstari ulionyooka hivi."

"Lakini ndio unaowaletea shida, mama," Faith alisema.

"Shida ni mimi," alisema Halfani. "Wekeni vema kwenye kimeibwa, andikeni jina langu, tumalize. Afadhali kibao changu kishuke kuliko cha mtu niliyemchukulia mali mbele ya maiti ya mjomba wake."

Nilikataa. Akasisitiza. Nikamwambia anyamaze, akaniambia Myao hawezi kumnyamazisha Mmwera kwenye ardhi ya Kanda ya Nne. Tulikuwa tunagombana kwa mara ya kwanza maishani, kila mmoja akitaka yeye ndiye aangamie, na Mikidadi alikuwa amesimama katikati akizungusha shingo.

Faith alijitenga kando. Alisema jambo hili sasa limemzidi kimo, na kwamba itabidi ampigie mkuu wa Kanda ya Saba, aliyeko Blantyre, nchini Malawi, bwana mmoja anayeitwa Mahamudu. Alikuwa hajawahi kumpigia moja kwa moja. Alinyoosha gauni lake kana kwamba angeonekana.

Waliongea Kiingereza muda mrefu, na sehemu kubwa Faith ndiye aliyekuwa akijibu ndiyo, bwana. Nilisoma astaghfirullah kwa vidole vyangu kimoja kimoja. Kisha Faith alikunja uso, akaja na simu ameishika mbali na mwili kama kitu cha moto, akasema mkuu anauliza wakala huyu ni kabila gani.

Nilisema mimi ni Myao. Faith akamwambia hivyo, kisha akasema mkuu anataka kuzungumza nami mwenyewe.

Nilichukua simu kwa mikono miwili. Mtu aliyekuwa Blantyre, mkuu wa nchi zote hizo hadi Nyuzilandi, alinisalimu kwa Kiyao.

Kilikuwa Kiyao cha Mangochi, kule kule Malawi, kinachoburuza maneno mwishoni, lakini kilikuwa Kiyao. Nilikaa chini, kwenye majani makavu ya mkorosho, nikampa salamu zote kama zinavyotakiwa, za wazee, za watoto, za mvua. Aliniuliza marehemu alikuwa nani. Nikamwambia Isihaka, mjomba, aliyeficha ugoro. Akacheka. Aliuliza mtani ni wa kabila gani, nikamwambia. Aliuliza alifanya nini na mashine, nikamweleza habari ya maji na machozi, na hapo nilimsikia akiweka simu mezani ili acheke vizuri. Faith na Eustakio hawakuelewa neno hata moja. Halfani, ambaye hukijua Kiyao kwa ajili ya kututukana, alikuwa ameinama mbele na mkono nyuma ya sikio.

Mkuu alirudi kwenye simu akiwa na swali moja tu zito. Alitaka kujua mtani anadai nini.

"Jogoo," nilisema kwa Kiyao. "Anayeniamsha alfajiri."

Alisema kwamba hilo ni ghali mno, kwao bibi yake angetoa yai. Lakini mateka ni mateka, na bei hupangwa na aliyeteka. Nitoe jogoo, nichukue mashine, na nimrudishie simu yule binti.

Faith alisikiliza, akaandika. Alipomaliza, alitueleza kwa utaratibu, kama mtu asiyeamini sana anachosema. Chini kabisa ya fomu kuna nafasi ambayo wakala haioni kwenye simu yake, inaitwa Maoni ya Mkuu wa Kanda. Mfumo unaisoma. Mkuu ataandika hapo mwenyewe, kwamba kifaa kilihudhuria msiba na kimerejea, na kwamba wakala hana kosa. Kuhusu mstari, mkuu alisema ulichukua miaka mitatu ya kugombana na Nairobi, na hautasogezwa kwa sababu ya kuku. Eustakio aliposikia hivyo aliangalia upande wa Mnero na kuguna. Mikidadi akamwongezea sukari kwenye chai.

Kwa hiyo tulifanya inavyopaswa kufanywa. Nilimtoa jogoo kapuni na kumfikisha kwenye mstari. Halfani aliibeba mashine, tangi amelifunga kanga ati lisishike vumbi, na kuifikisha kwenye mstari. Alikuwa ameshapona. Alimpima jogoo kwa mkono mmoja, akasema amekonda kwa kuamshwa mapema na watu wanaosali sana, akauliza kama naongeza na mayai. Nilimwambia ashukuru hakupata yai moja, maana hata Blantyre wanajua bei yake. Alicheka mpaka kofia ikaanguka Kanda ya Saba, na Mikidadi akakataa kumrudishia bila fomu.

Nilirudi Chiola na mashine kwenye pikipiki. Jogoo alikwenda Ruangwa, ambako Safina ananiambia anawika vile vile, kabla ya adhana, na kwamba Halfani sasa anaamka alfajiri kwa mara ya kwanza tangu aoe. Kwa hilo namshukuru Mungu, ana njia nyingi za kumfikia mtu. Mimi ninatumia kengele ya simu. Mwalimu Rukaiya alinifundisha kuitega.

Ijumaa, saa sita kasoro, Faith alinitumia ujumbe: kesi imefungwa, uwakala unaendelea, shikamoo mama. Niliswali, nikawaombea watu wa Kanda ya Saba kama kawaida, na kwa mkuu wetu wa Blantyre niliongeza dua ya peke yake. Halafu niliwaombea na watu wa Kanda ya Nne, kwa ufupi.

Jioni nilitoa mashine niifute vumbi. Nilikuwa sijaitazama vizuri tangu shambani kwa Mikidadi, kwa furaha. Nilipofika kwenye tangi, niliifungua ile kanga. Kifuniko kilikuwa cha njano.

Simu ilikuwa tayari inalia. Nilijua ni nani hata kabla ya kuiangalia.

"Mtani," Halfani alisema, "nina mateka mdogo wa rangi ya buluu hapa. Ninaona kwa kifaranga mmoja tutaelewana."

Niligeuza kifuniko kile huku na huku, nje na ndani, nikitafuta kama kimeandikwa chochote. Hakikuwa na namba. Nikamshukuru Mungu, nikaenda bandani kutazama vifaranga.